Tufungulieni Bustani Jua Likitua: Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Mji wa Mombasa

Kwenu Mheshimiwa Gavana, waheshimiwa wawakilishi wa wadi, na nyote mliokabidhiwa bustani, taa za barabarani na ardhi ya umma katika Kaunti ya Mombasa,

Assalamu alaykum. Hamjambo.

Nawaandikia mbele ya watu kwa sababu jambo lenyewe ni la watu. Naomba mji wetu upate bustani ya mimea ya Pwani, iliyopandwa na wanaojua, kila mti na jina lake, na milango yake iwe wazi hadi saa nne za usiku bila kiingilio. Nikisema usiku nakusudia usiku hasa. Bustani ya kufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni haitatufaa, na nawaomba mnivumilie nieleze kwa nini.

Mchana wa Mombasa ni wa kazi na jua. Kaskazi ikivuma, kuanzia Disemba hadi Machi, anayekaa nje saa nane mchana ni yule asiye na budi: msukuma mkokoteni, makanga, mama wa genge, mchuuzi wa maji. Nyumba za Majengo na Bondeni zimebanana, dirisha linatazamana na dirisha, na bati limeshika moto tangu asubuhi. Alasiri upepo wa bahari ukianza kuingia ndipo mji unapoamka. Watoto wanaogeshwa na kupakwa poda, wazee wanatoka barazani, muuza kahawa anapita na dele lake, karai za viazi na bhajia zinawekwa motoni. Magharibi ikishaswaliwa watu wako nje, na watakuwa nje mpaka usiku uwe mkubwa. Hivi ndivyo tulivyoishi tangu mababu zetu. Ramadhani ndiyo usiseme: baada ya tarawehe saa nne inapiga na watoto bado wako barabarani na mama zao, wanacheka.

Kwa hiyo mtu akipanga mahali pa kupumzikia Mombasa, na saa zake zikawa za mchana, amewapangia watalii na wanafunzi wa ziara. Hao wana haki yao. Lakini sensa ya 2019 ilituhesabu watu 1,208,333 katika kaunti hii, na wengi wetu saa za mchana tuko bandarini, sokoni, hotelini tukipika na kufua, au tuko ndani tukikimbia jua.

Sisemi hatuna pa kwenda. Mama Ngina, pale ufukweni, ipo, na haki lazima isemwe: pwani ile ilipotengenezwa upya, na Siku ya Mashujaa ya 2019 ikaadhimishwa pale, sisi wenye mji tulifurahi. Jumamosi jioni utakuta familia kutoka Likoni na Kisauni, mihogo ya kukaanga ikitiwa pilipili na ndimu, madafu yakichongwa, na meli inaingia Kilindini karibu hivi kwamba watoto wanawapungia mkono mabaharia. Mtu haulizwi wewe ni nani wala umekuja na nini mfukoni. Natamani roho ile ile iingie katika bustani ya mimea, kwa sababu pale pale Mama Ngina ndipo nilipoona jambo lililonifanya nishike kalamu.

Ilikuwa jioni ya kaskazi. Nilikuwa na mamangu mzazi na mtoto wa dadangu, tumetandika mkeka chini ya mbuyu. Jua limezama, mwadhini amemaliza. Mamangu akasema, "Tazameni juu." Kwenye kikonyo kirefu kilichoning'inia, tumba la mbuyu lilikuwa limepasuka. Yale majani magumu yaliyolifunika yakajikunja nyuma, moja moja, na ndani mkatoka petali nyeupe, bado zina mikunjo kama kanga iliyotolewa sandukuni. Katikati yake pakashuka shada la nyuzi nyembamba, nyingi zisizohesabika, zikatanda duara. Harufu yake haikuwa ya marashi. Ni harufu nzito, ina uchachu, ukiinusa mara ya kwanza unaweza kukunja uso. Hatukukaa sana popo akaja, akaligusa ua, akaenda zake. Akarudi. Akaja na mwingine.

Mtoto akauliza, "Bibi, popo anakula ua?"

"Anakunywa tamu iliyo ndani," mamangu akamjibu. "Asipokuja, yale mabuyu unayoniomba shilingi kumi ukanunue hayapo."

Mtoto alinyamaza, akamtazama yule popo kwa adabu kabisa. Ua la mbuyu hufunguka usiku mmoja. Asubuhi limeshanyauka na kugeuka rangi, na baada ya muda mfupi liko chini. Waliokuwa wameketi karibu nasi, watu wazima waliozaliwa hapa, hawakuwahi kuambiwa na mtu kwamba juu ya vichwa vyao kila msimu pana kazi kama hii inafanyika. Mama mmoja aliposikia tunaongea alisogeza mkeka wake kwetu. Kijana aliyekuwa akiuza kashata akasimama na sinia lake kichwani. Tukawa darasa, na mwalimu ni mamangu, ambaye hakupita darasa la nne.

Waheshimiwa, mbuyu hauko peke yake. Kenya ina aina 9 za mikoko, na mmoja wao ni mlilana, ule unaosimama mbele kabisa majini, huko kwenye hori la Tudor na Port Reitz. Maua yake hufunguka giza likiingia, na kukipambazuka nyuzi zake nyeupe zinaelea kwenye maji. Mtomondo, mti wa kingo za mito na mabwawa, hushusha mikufu mirefu ya maua yenye harufu tamu, yanafunguka usiku na kudondoka alfajiri. Mlangilangi hunukia zaidi usiku. Asumini hata haihitaji kuelezwa, maana kila mwanamke wa Pwani anajua kwamba huchumwa ikiwa tumba na kufunguka usiku ikiwa nyweleni. Maua ya namna hii yanawangoja popo na nondo, wanaotembea usiku. Ndiyo sababu mengi ni meupe au ya rangi iliyofifia, yapate kuonekana gizani, na harufu yake ina nguvu, ipate kufika mbali.

Basi bustani ya mimea ya Pwani ikifungwa jua likitua, imefungwa kabla wenyewe hawajaamka. Tutakuwa tumelipa watunza bustani, tumenunua mbolea, tumechapisha vibao, kisha tukamwambia mwananchi aje atazame matumba.

Nataka niwaeleze pia kuhusu mama mmoja wa mtaani kwetu anayetunga vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia wanavyojipamba wanawake. Anaanza alasiri. Ana sindano ndefu, uzi mweupe, na sahani ya bati yenye kitambaa kilicholowa maji, chini yake asumini zimelala hazijafunguka. Anachukua jani la mrehani, analikunja, analichoma. Juu yake asumini tatu au nne, kisha kipande cha kadi, yaani ua la mkadi, kisha petali ya waridi, anakaza uzi kwa meno. Kikuba kimoja kinamaliza dakika chache tu mikononi mwake, na anapokimaliza anakipulizia pumzi kidogo kuona kama harufu imeshikana. Wanawake wanakuja kununua kabla ya kwenda harusini. Nilimuuliza kadi anaitoa wapi siku hizi. Akaniambia mkadi uliokuwa nyuma ya nyumba yao ulikatwa pakajengwa fleti, na sasa kadi inaletwa kwa matatu kutoka mbali, inafika imechoka, na kuna harusi zinazopita bila kadi kabisa. Binti zake wanajua kutunga. Hawajawahi kuuona mkadi umesimama.

Bustani ninayoiomba ingekuwa na mkadi. Ingekuwa na kitalu cha kuotesha vichipukizi vya asumini na mrehani, mwenye uwanja wa hatua mbili aende navyo nyumbani. Hilo halihitaji mamilioni.

Kuna bustani moja hapa mjini, sitaitaja kwa sababu sitaki mtu aadhibiwe, ambako niliwahi kumpeleka mamangu jioni. Magoti yake hayamruhusu kutembea mwendo mrefu, kwa hiyo tulipanda tuktuk, tukamsubiri ateremke polepole, tukamtafutia kiti penye upepo. Hajakaa akatulia, filimbi ikapigwa. Askari alikuja mwenyewe hadi pale tulipoketi, kijana mwenye heshima, akasema, "Shikamoo bibi. Samahanini, tunafunga. Usiku hapa si pazuri." Mamangu akamwitikia, akainuka. Njiani hakusema neno. Wakati huo upepo ndio kwanza ulikuwa umepoa.

"Usiku hapa si pazuri." Najua ndilo jibu ambalo na mimi mtanipa, na silidharau. Tunao vijana walioharibikiwa, tunazo simu zilizonyakuliwa, wako wanawake walioandamwa wakitoka kazini. Lakini tuulizane: mahali panapofungwa saa kumi na mbili, taa zikazimwa na geti likatiwa kufuli, ukuta wake ukawa wa kurukwa, panabaki mikononi mwa nani? Pale Mama Ngina sikumbuki kuogopa saa mbili za usiku, kwa sababu kuna mama mwenye mihogo, kuna mzee wa kahawa, kuna familia kumi pembeni yangu. Watu wenyewe ndio ulinzi wa kwanza. Askari wa kaunti, wakiwemo wanawake, waje kuongezea. Geti la kuingilia na kutokea liwe moja. Njia ziwe pana na zisiwe na kona za kujificha. Choo kiwe kisafi na chenye taa. Mwanamke akijua kuna choo na kuna askari mwanamke, ataleta wanawe. Akishaleta wanawe, bustani imepona.

Juu ya taa naomba msikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo nia njema huharibu. Msituwekee zile taa kubwa nyeupe za uwanjani. Nuru kali huwafukuza popo, na nondo huizunguka mpaka wakafa kwa uchovu, na maua yaliyowangoja yakabaki bila mgeni. Zinatosha taa fupi za rangi ya manjano, zilizofunikwa juu, nuru yake ianguke njiani miguuni pa watu huku matawi yakiachiwa giza lao. Mtu anaona anapokanyaga, na anaona uso wa anayekuja mbele yake.

Wala hili si jambo geni duniani. Bustani ya Mimea ya Singapore ilianzishwa 1859, UNESCO ikaiingiza katika Urithi wa Dunia 2015, na hufunguliwa saa kumi na moja alfajiri hadi saa sita za usiku, kila siku, bure isipokuwa sehemu ya okidi. Nao wako karibu na ikweta, wana joto na unyevu wao, na wanajua mtu wa nchi ya joto hutembea saa ngapi. Kirstenbosch ya Afrika Kusini, ya 1913, huwakusanya watu nyasini Jumapili jioni wakati wa kiangazi kusikiliza muziki. Na kwa nini tuende mbali: ndugu zetu wa Unguja wana Forodhani. Tangu ilipokarabatiwa na kufunguliwa tena 2009, jioni mji mzima uko pale, mwenyeji na mgeni, miti juu na mishikaki chini.

Afrika Mashariki bustani za mimea zilianza zamani. Entebbe ni ya 1898, Amani kule Usambara ni ya 1902, na Arboretamu ya Nairobi ilianzishwa 1907 kutafuta miti ya kuni za treni, reli yenyewe ikiwa imeanzia hapa kwetu Mombasa 1896. Wakoloni walitafuta miti ya faida yao: mpira, kahawa, kwinini. Ile ambayo mtu wa Pwani aliezekea, alijengea, alijitibia na kujipambia haikuwa katika hesabu. Sasa hesabu ni yetu.

Nimesikia wakisema kisiwa hiki ni jiwe tupu la matumbawe, udongo hakuna. Nawaomba mwende Bamburi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti ndani ya machimbo ya kiwanda cha saruji, mahali palipokuwa pamekwanguliwa mpaka chini, maji ya chumvi yanachungulia, hapana hata nyasi. Alijaribu aina 26. Zilizoshika zilikuwa 3 tu, na mvinje ukawa ndio uliotangulia. Lakini majani ya mvinje yakawa yanarundikana bila kuoza, udongo hautengenezeki. Wakaletwa majongoo, wale wenye miguu myekundu ambao sisi tukiwaona njiani tunawaruka. Majongoo wakayatafuna yale majani, wakageuza kuwa mbolea, na juu ya mbolea ile vikaota vingine. Leo pale ni msitu wenye twiga na viboko. Kilichofanywa na jongoo juu ya jiwe la machimbo, hatuwezi kushindwa kukifanya kisiwani ambako mibuyu imeshaota yenyewe.

Maji ni swali la haki zaidi. Mji huu mtu anaamka usiku kukinga ndoo, na sitaki kusikia kwamba mferejini hakuna tone huku bustani inamwagiliwa. Ndiyo maana naomba mimea ya hapa, iliyozoea jiwe, chumvi na kiangazi, isiyodai maji kila siku ikishashika. Tena tuna misikiti mingi ambayo kila swala maji ya udhu yanatiririka kwenda kwenye mtaro. Maji yale hayana mafuta wala sabuni. Kikipatikana kiwanja karibu na msikiti mkubwa, kamati ya msikiti ikakubali, bomba moja na tangi moja yanatosha kuanzia.

Mbegu nazo ziko. Misitu mitakatifu ya kaya za Mijikenda iliingia katika Urithi wa Dunia 2008, na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yana kitengo cha misitu ya Pwani tangu 1992, kina watu wanaoujua kila mti kwa jina. Ila kaya ina wenyewe. Asiende mtu na jembe. Waendewe wazee, waelezwe, waombwe mbegu kwa utaratibu wao, na wakisema mti fulani hautoki, hautoki. Napenda hata wao wawe na kiti katika kamati ya bustani, pamoja na wazee wa Mji wa Kale na wale akina mama wa vikuba.

Nikiachiwa nichague, ningeanza na mbambakofi, kwa sababu milango iliyochongwa ya Mji wa Kale tunapiga picha nayo lakini mti wenyewe vijana wetu hawaujui. Kisha mvule. Kisha mkwaju, mkoma, mtondoo, mkungu ambao popo hula kungu zake usiku na asubuhi tukakuta kokwa zimetapakaa uani. Muhugu na mpingo pia, miti ambayo wachongaji wa Changamwe waliitumia mpaka ikawa adimu, na sasa wengi wanachonga mwarobaini. Mchongaji akija jioni na mwanawe aweze kumwonyesha: huu ndio. Na chini kabisa, kama kiwanja kitagusa maji, mikoko ipewe sehemu yake na daraja la mbao la kutembelea, kwani boriti zilizoshika dari za nyumba zetu za kale zilitoka humo.

Kila mti uwe na kibao kinachosomeka usiku: jina la Kiswahili cha hapa, jina la Kimijikenda, jina la kisayansi, na mstari mmoja wa kueleza mti huo unafanya nini ukiwa mzima na unafanya nini saa za usiku. Vibao vingine viwe na maandishi ya nukta kwa wasioona, hasa kwenye mimea ya harufu. Bustani ya usiku asiyeona anaijua kuliko sisi.

Wachuuzi msiwafukuze. Watengewe upande wao karibu na geti, wapewe maji na mapipa, wapewe sharti la usafi, wasiotii waondolewe. Jioni ya Mombasa bila mihogo na kahawa watu hawataielewa. Na pawe na mahali pa kuswalia, kwa sababu mtu akitoka nyumbani alasiri, magharibi na isha zitamkuta humo.

Kiingilio msiweke. Shilingi hamsini haionekani nyingi kwa anayeandika bango, lakini mama mwenye watoto watano atapiga hesabu ya nauli ya kwenda na kurudi, aongeze kiingilio, kisha awaambie watoto wakalale.

Sasa niseme juu ya wajibu, kwa heshima. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, imezipa kaunti bustani za kaunti, fuo na mahali pa burudani, na katika jedwali hilo hilo imezipa pia taa za barabarani. Kifungu cha 69 kinaitaka Serikali ifanye bidii kufikia angalau asilimia 10 ya nchi kuwa na miti. Kwa hiyo ninaloomba limo katika kazi mliyoapia. Najua pia kwamba bajeti ina foleni: zahanati, mitaro, taka, karo za watoto. Siombi bustani iruke foleni yote. Anzeni na kona moja ya bustani ya umma iliyopo tayari. Ziwekwe taa chache za chini, vibao, askari wawili na choo kimoja, na geti liachwe wazi Alhamisi hadi Jumapili, tuone. Wanaoweza kuhesabu wahesabu ni watu wangapi wamekuja na kumeharibika nini.

Kitu kimoja tu sitaki kianze kidogo, nacho ni hati. Viwanja vya wazi vya mji huu tumeviona vikimegwa, leo ukuta, kesho duka, keshokutwa ghorofa, na hakuna anayejua nani alitia sahihi. Kabla mbuyu wa kwanza haujapandwa, kiwanja kipimwe, kisajiliwe kuwa ardhi ya umma kwa matumizi ya bustani, na ramani yake ibandikwe getini. Mbuyu unaishi miaka mamia. Hatuwezi kuupanda juu ya karatasi ya miaka mitano.

Mpango wa Maendeleo wa Mwaka unatakiwa kufika kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili. Naomba jambo hili liingie katika mpango unaokuja, kwa jina lake na kiasi chake cha fedha, ili tuweze kulifuatilia mwaka wa fedha ukianza Julai. Mkiitisha kikao cha wananchi kutoa maoni, kitangazwe misikitini, makanisani na kwenye redio za hapa, na kiwe baada ya saa kumi jioni, ili makuli wa bandarini na mama wa genge nao wafike. Mamangu amenitajia majina ya miti, nimeyaandika, karatasi imejaa mbele na nyuma. Nitakuja nayo, na majirani wangu watakuja nami.

Wassalaam,

Mkazi wa Majengo, Mombasa